Gia Inachomoka Kilimani

Jumanne

Hata sielewi nifurahi au nilie.

Pikapu ni mpya, na kila nikipakia samaki kule Wambaa kupeleka sokoni Mkoani, gia inachomoka kilimani. Injini inanguruma, gari haiendi. Nimeshaipeleka kwa fundi Hamadi mara kadhaa, naye akiiendesha tupu haina neno.

"Gari nzima hii, Bi Asha," huniambia.

Mume wangu kaanza kusema labda ni mguu wangu kwenye klachi. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Leo nilimshikilia fundi aendeshe yeye, na samaki nyuma. Kilimani gia ikachomoka mkononi mwake. Tukaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki, akanigeukia jasho likimtoka.

"Ala! Mbona hivi?"

Nikacheka mpaka machozi. Samaki wanaharibika juani, gari mbovu, nami nacheka! Nina akili kweli?

Fundi kasema ugonjwa kauona ila dawa yake haijui.

Nilipomweleza mume wangu, akanimiminia chai. Hajapata kunimiminia chai kabla ya leo. Sijui ndiyo samahani hiyo, na sijui kesho samaki wangu watapanda nini.