Sheria ya Maryland Chumbani Mwetu

Al Qusais, Dubai,
14 Novemba 2014.

Mpendwa kaka Francis,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako joto ndiyo kwanza linapungua. Goti la mama linaendeleaje? Shemeji Betty na watoto je? Mimi ni mzima, ila miguu imechoka. Kusimama langoni saa kumi na mbili si mchezo.

Kuna jambo limenishangaza mpaka nikashika kalamu. Madam mmoja alipohama lile jengo ninalolinda, aliniachia vitabu vya shule vya mtoto wake. Kimoja kinaeleza Maryland, koloni la Waingereza kule Amerika, karibu miaka mia nne iliyopita. Kiingereza changu unakijua, niliachia darasa la saba. Msellem, Mzanzibari tunayelala naye chumba kimoja, hunisaidia kusoma.

Watu walivuka bahari bila nauli, wakafungwa kwa mkataba wa miaka minne au mitano kulima tumbaku ya tajiri. Tumbaku yenyewe ndiyo ilikuwa pesa yao! Wengi walikufa kwa homa mapema. Aliyemaliza alipewa nguo, shoka, jembe na mahindi. Mahindi, kaka, kama sisi! Waafrika nao walipelekwa huko, na baadaye sheria ikawafanya watumwa wa maisha, wao na watoto wao. Hapo nilifunga kitabu mpaka kesho yake.

Lakini kikubwa ni dini. Uingereza, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakiuana. Kule walijikuta shamba moja, wakatunga sheria: ukimtukana mwenzako kwa dini yake, unatozwa faini. Huna? Viboko, na kifungo mpaka uombe msamaha hadharani. Hebu fikiria, watu wa msituni, hata barabara hawana!

Msellem akasoma mbele, akacheka. "Ronny bwana, mimi wangeninyonga! Hii ni ya Wakristo tu. Anayekataa kwamba Yesu ni Mungu, kifo."

Ni kweli, imeandikwa. Nuwa, Mganda wa chumba chetu, akasema, "Basi sisi tutunge iliyo bora. Atakayetukana dini ya mwenzake, ampikie wiki nzima." Khalas, tukakubaliana.

Wa kwanza kunaswa nilikuwa mimi. Nilirudi nimechoka, nikamkuta Msellem anaswali kando ya kitanda changu, nikamwambia neno ambalo siwezi kuliandika. Nikampikia. Siku ya tatu alikuja mwenyewe kunikatia vitunguu. "Wali wako saruji, ndugu yangu," akasema. "Faini hii naona naitumikia mimi."

Kaka, neno hilo ndilo ulilomwambia Ubeid siku dada Annah alipomleta nyumbani kama mumewe. Mimi nilikuunga mkono kwa simu. Nilikosea. Sasa dada yetu anataka kumleta mtoto Krismasi, mama amwone, lakini anaogopa utawafukuza tena. Mama hawezi kusafiri na goti hilo. Asipomwona mjukuu hapo nyumbani, atamwona wapi?

Nakuomba ulipe faini kama mimi. Mpigie Ubeid, umwombe msamaha. Halafu toa yule mbuzi mweupe niliyekuachia. Kisu mpe Ubeid achinje yeye, ili nyama iliwe na wote. Kupika ni kazi yako.

Nisalimie mama, shemeji, Daisy na Ivy. Mungu alilinde boma letu, akianzia langoni.

Wako akupendaye siku zote,
mdogo wako Ronny.