Kitabu cha Misri Kilivyomuumbua Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili mchana, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Yale magoti yamepoa, au bado yanakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku hatujambo. Mama ana kikohozi ambacho anadai si kikohozi, anasafisha koo tu, na mimi nina magauni sita ya harusi ambayo hata mikono sijakata, na bibi harusi anapita dirishani kila asubuhi kunichungulia.

Kitabu cha Misri ya kale ulichomtumia baba, mdogo wako, kilifika salama. Shangazi, kile si kitabu, ni tofali! Picha kila ukurasa, tena za rangi. Nilidhani kitalala kabatini. Wapi! Tangu siku ile, kila jioni baada ya chai baba anakaa barazani na kuniita niache cherehani. Kazi tuligawana: mimi nasoma maneno, yeye anaeleza picha. Eti mtu aliyekuwa mwashi miaka arobaini hawezi kuelezwa habari za majengo na mshona nguo.

Na maneno yenyewe matamu kweli. Kumbe wale mafundi waliochonga makaburi ya wafalme waliwahi kugoma kwa kucheleweshewa chakula! Ipo hata orodha ya waliokosa kazini: huyu kaumwa na nge, yule anatengeneza pombe. Baba alicheka mpaka kofia ikadondoka. "Huyo wa pombe namjua," akasema, "nimefanya naye kazi."

Balaa lilikuwa kwenye picha. Mungu wao mwenye kichwa cha mbweha, baba alisema ni punda anapalilia. Mashua yenye makasia mengi ikawa kitana. Kwenye ukurasa wa mabata bukini alitueleza robo saa nzima habari za viatu vya malkia. Nikitaka kufungua mdomo mama ananikanyaga mguu, nami naitikia, "Ndiyo, baba."

Nani angemwambia? Unamjua mwenyewe. Macho yake yana ukungu miaka mingi, lakini ukitaja daktari anasema yeye mzima, ila watu siku hizi wananunua taa hafifu. Nesi wa jirani alishatuonya wazi kwamba akizidi kuchelewa atapofuka. Nilikuwa naogopa, Shangazi. Kila akivuka barabara moyo wangu unavuka naye. Na bado tukaendelea kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Basi Jumamosi moja akaja rafiki yake seremala, yule tunayemwita Mzee Randa, ambaye ulimi wake hauna breki. Tulikuwa tumefika ukurasa wa vifaa vya ujenzi. Baba akaweka kidole juu ya picha akasema, "Hii ni ngazi fupi, ya kupandia wakati wa kupaka chokaa."

Mzee Randa akainama, akaangua kicheko. "Ngazi? We bwana! Hiyo si timazi? Tazama fremu ya pembe tatu, uzi huo, na jiwe linaning'inia. Wenzio walikuwa wakipimia kazi kwa kitu kile kile chako!"

Akacheka peke yake. Mtu aliyetembea na timazi mfukoni maisha yake yote, leo anaoneshwa timazi na seremala! Baba alifunga kitabu polepole, akaingia ndani bila kuaga. Mzee Randa akabaki ananitazama kama aliyevunja sahani ya watu. Nilitaka kumfukuza na kumshukuru kwa pamoja.

Siku mbili baba hakusema na mtu. Mama aliniambia kosa ni letu, tumemwitikia mno. Nililia juu ya gauni la bibi harusi, usimwambie mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema habari za wanaomsaidia kuficha.

Jumanne asubuhi nikamkuta amesimama mlangoni, kavaa koti, kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. "Twende kwa huyo daktari wenu," akasema, "na mtu asinisemeshe njiani." Hakuna aliyemsemesha. Hata habari ya viatu sikuthubutu.

Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia likapasuliwa wiki iliyofuata, na kesho yake bandeji ikatolewa. Nesi akamnyooshea vidole, akamwuliza anaona vingapi. "Vitatu," baba akajibu, "na huo ukuta nyuma yako umepinda. Nani aliujenga?" Nilimrukia nesi wa watu nikamkumbatia, naye akadhani nimechanganyikiwa.

Tangu hapo nyumba haina amani. Kaona ufa wa jikoni tuliomwambia umezibwa. Kaona koti lake la heshima, ambalo nililitia kiraka cha rangi nyingine nikijua hatajua. Akamtazama mama muda mrefu, akauliza, "Nani kakuzeesha hivi?" Mama akamjibu, "Wewe," akaendelea kukunja nguo. Baadaye nikamsikia mama anaimba jikoni, na siku hiyo kikohozi chake hakikusikika.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao. Jana nilimwambia kwamba nakuandikia, nikidhani ataniagiza nikushukuru kwa kitabu. Badala yake akasema, "Mwambie dada aje. Mara ile alipokuja nilimsikia tu, sikumwona."

Shangazi, siku zile tatu ulizokaa nasi, alipokuwa anakusifia kwamba hujazeeka hata kidogo, kumbe alikuwa anasifia sauti yako. Njoo, tafadhali. Hata kama ni kwa siku moja.

Wasalimie binamu zangu wote wawili, pacha mrefu na pacha mnene, na mkamwana wako. Mama anakusalimu sana, na Mzee Randa pia, ameshasamehewa ila bado anabisha hodi kwa woga. Mungu akupe afya, riziki na njia nyeupe ya kutufikia.

Ni mimi nikupendaye kwa moyo wote,
Kitindamimba wa mdogo wako.