Namba Shufwa ni Zako

9 Machi 2021

Mwanangu Kifungo,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila goti linanung'unika nikikanyaga cherehani.

Nimemaliza thelathini na tano: njia 14,784. Nikakumbuka ulivyokuwa na miaka tisa, nilipokumwagia vifungo vinne mezani tuone vinagawika mafungu kwa njia ngapi. Vinne pamoja; vitatu na kimoja; viwili na viwili; viwili, kimoja na kimoja; kila kimoja peke yake. Njia tano. Ukauliza, "Na vitano, Baba?" Hatujapumzika tangu siku ile. Kila jibu tunalijenga kwa majibu ya nyuma, kujumlisha na kutoa, daftari lako na langu sawasawa. Mimi witiri, wewe shufwa.

Thelathini na sita ni yako. Na uliahidi: arobaini utakuja tuihesabu kwenye meza hii hii.

Baba yako

2 Oktoba 2021

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Samahani kwa kimya. Huku ninakofulia shuka za hospitali hakuna Jumapili. Thelathini na sita nimekaa nayo wiki nzima, kurasa sita, vidole vimekufa ganzi! Jibu ni 17,977. Haya mzee, zamu yako.

Mwanao

20 Oktoba 2021

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile.

Jibu lako ni sahihi. Ndiyo maana najua hukulihesabu.

Jumatatu uliyoondoka niliandika jibu la ishirini na tisa kwa haraka: 4,556 badala ya 4,565. Kosa likaingia madaftari yote mawili. Thelathini yako ilikuja na kosa hilo, thelathini na mbili pia, na thelathini na nne. Hii ilitakiwa ije 17,842. Umeitoa mtandaoni.

Shajara yangu inasema kosa nililiona tarehe 6 Juni mwaka jana. Nililiacha makusudi. Nilitaka ulione wewe, unicheke.

Baba yako

11 Novemba 2021

Baba, shikamoo.

Ni kweli. Unaandika namba, unabonyeza, jibu linatokea hujapepesa macho. Zipo huko hadi elfu kumi. Daftari lilipotea nilipohama chumba, nikaona aibu kusema.

Lakini thelathini na nne niliihesabu kwa mkono, Agosti ile, wiki mbili, vidole vimechubuka kwa sabuni. Nawe ulishajua ni kazi bure. Ukaniandikia "Hongera." Nani alianza kumdanganya mwenzake?

Mwanao

11 Oktoba 2022

Mwanangu Kifungo,

Hujambo? Barua zangu tatu hujazijibu, lakini nauliza.

Nimeanza upya toka ishirini na tisa. Thelathini na saba ni 21,637. Thelathini na nane ilikuwa zamu yako. Nimengoja miezi kumi na moja; leo nimeihesabu mwenyewe: 26,015. Kesho nashika thelathini na tisa.

Arobaini sitaigusa. Najua simu yako inaijua. Lakini meza hii haijaihesabu, basi na wewe hujavunja ahadi.

Baba yako