Viazi Vidogo Chini ya Kitanda

Mwanangu Salama,

Kalamu kaishika wifi yako Rehema, maana mie kusoma sijui. Maneno ni yangu. Nimemwambia asiyapambe, na kilio kikimjia atoke nje kwanza, karatasi isilowe.

Nimekuja kukusema. Kufa kwako sikusemi, hilo la Mungu. Nakusema kwa habari ya mtoto wako.

Tangu tukuzike, Zuhura hali. Wali anausukuma. Samaki anamtazama tu. Nikasema basi, huyu kazoea mkono wa mama yake, nikaagiza viazi Kibiti, vile vidogo vidogo ulivyokuwa ukirudi navyo kwenye boti, wakaanga chipsi wameshachagua vikubwa vyao. Watu wa hapa Mbwera walikucheka, "Salama anakula masalia ya gunia." Ukacheka nao, ukaviosha, ukavitokosa na maganda yake. "Usimenye, mama. Zahanati wanasema kwenye ganda nako kuna vitamini." Nikakujibu hiyo vitamini mie siioni, naona udongo. Ukakiosha tena kiazi changu, ukakibinya kikapasuka, ukatia chumvi na ndimu, ukanilisha kama mie ndiye mtoto.

Nikavipika vivyo hivyo, ila ndimu sikuwa nayo, pembeni dagaa na mchicha wa nazi, maana ulisema kiazi kinatia nguvu lakini mwili unataka na wenzake. Mtoto akaniambia, "Nimeshakula, bibi. Mama kanipa."

Nikamtazama vizuri. Midomo ina chumvi. Kucha zimejaa udongo.

Kesho yake vile vile. Halafu akaanza kutapika, tumbo limemkaza, macho yamerudi ndani. Nikainama chini ya kitanda chenu, mchana kweupe, jua limejaa uani. Kikapu chako nilikuwa nimekisahau. Salama, viazi vimeota. Machipukizi meupe, marefu kama vidole, yamepenya matundu ya kikapu, yamepanda mguu wa kitanda, yameingia kwenye kamba upande anaolala mtoto. Upande wako hayakugusa. Viazi vilivyopigwa na mwanga wa ufa wa ukuta vimegeuka kijani, na vingine vina alama za meno madogo.

Wewe mwenyewe uliniambia, "Kiazi kikiwa kijani, au kikiota hivi, tupa, mama. Mtoto usimpe, ni sumu." Nikajua anajitafunia vibichi, maskini, akidhani ni wewe. Nikashusha pumzi.

Halafu nikaona maganda. Yamewekwa kwenye kifuu, yamelainika kwa kutokoswa, kila moja limebinywa mara moja pembeni. Yananuka ndimu. Na ndimu humu ndani haikuwemo. Na chungu chako hakijaona moto tangu msiba, buibui kafuma utando mdomoni mwake.

Hapa Rehema kaacha kuandika. Nimemwambia andika.

Sikukimbia. Nitamkimbiaje niliyemzaa? Nikakaa palepale chini nikakwambia kwa sauti, na sasa nakuandikia usije ukasema hukusikia: chakula cha huko hakimfai aliye huku. Unampa kwa mapenzi, najua, mkono wako haukujua kunyima. Lakini mtoto anakuishia mkononi. Ukiwa mpweke, nichukue mie, nimeshakula vya kutosha. Huyu niachie.

Kikapu nimekitoa. Viazi nimevifukia mbali, mbuzi wasivifikie. Zuhura nilimpeleka zahanati, akapewa dawa, akapata nafuu, ila kula bado akawa hataki. Akiwekewa sahani anasema anakungoja.

Ndipo jana mchana nikakifuta utando chungu chako, nikakiosha, nikatokosa viazi vipya na maganda yake. Nikambinyia kimoja. Hakunitazama mie. Alitazama mlango, akautazama sana, kama mtu anayeomba ruhusa. Pazia likatikisika, na upepo haukuwepo. Akafungua mdomo.

Alikula, Salama. Alikula na dagaa, akaomba na mchuzi. Kimoja akakiweka kizingitini, akasema, "Cha mama." Sikukitoa. Nilitaka nione.

Leo asubuhi nimekikuta kizima. Ganda halijabinywa. Hata sisimizi hawakukigusa. Nikaangua kilio palepale kizingitini. Watu wote walidhani nalia kwa majonzi, na mie nalia kwa kukushukuru.

Basi lala, mwanangu. Mungu akupanulie hapo ulipo. Ukimtamani mtoto, pita umwangalie, lakini njoo mikono mitupu. Mie nitamlisha mpaka ajue kuwasha moto wake mwenyewe, na nikichoka, Rehema huyu hapa, ameandika kwa mkono wake asije akakana.

Na ganda simenyi.

Mama yako.