Nani atamulilia Papa Ferenc

Woluwe, Jumanne usiku

Huyu Muhungaria wa kitanda cha pembeni yangu hapa hospitali, Papa Ferenc, leo amenishinda.

Asubuhi nilimuchokoza tena: "Papa, kamji kenu kale, kuku si wengi kuliko watu?" Akajibu: "Hata kuku wameenda Vienna." Tulicheka mpaka infirmière, muuguzi wetu, akatugombeza kama watoto.

Kisha nikamuuliza, akifa, nani atamulilia kule. Bon, nikamuelezea: kwetu Kivu, mama mwenye kuongoza kilio anataja kwanza watu wote wa kwao marehemu, ndipo anafika kwa marehemu mwenyewe. Nikamwambia nitamulilia mimi, hata kama ni kazi ya wamama. Anifundishe tu watu wa kwao.

Donc akanifundisha. Wahungaria walilima mizabibu, Wajerumani walijenga nyumba, Wayahudi walikuwa na maduka. Wakati wa vita Wayahudi wakapakizwa kwenye treni. Vita ikaisha, Wajerumani nao wakapakizwa. Siku hizi vijana wanapanda wenyewe. Wamebaki wazee na kengele ya kanisa.

Nilitafuta mzaha, ukakataa kutoka. Na sisi wa Kivu tulikimbia vita.

Halafu akaniuliza: "Na wewe, nani atakulilia?" Watoto wangu wamekulia hapa ugenini, wanalia ndani ya mouchoir, kitambaa cha mfukoni, bila sauti. Jina la babu yangu hawalijui.

Alors nikamufundisha naye watu wa kwetu. Kijiji changu anakitamka vibaya, mpaka huruma.

Kati yetu wawili, mwenye kutangulia kufa ataliliwa vizuri. Mwenye kubaki ndiye ninamuogopea.