Kijiko cha Asali cha Bibi Tekla

Shangazi Kuluthumu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nimekosea na naona aibu kuwaambia watu wa hapa kwetu Kigwa. Mwanangu Levina ana miaka tisa na ana kisukari, anachomwa sindano kila siku, na miezi miwili iliyopita kliniki ya mjini Tabora walimbandika mkononi kidude kinachopima sukari saa zote na kuionyesha kwenye simu, wakanifundisha mimi peke yangu, nami nikarudi nyumbani najiona daktari. Basi msimu wa asali ukafika, na kwa mama mkwe wangu, Bibi Tekla, asali mpya, wa kwanza kuilamba ni wajukuu, kumnyima mtoto ni mkosi, akamlambisha Levina, simu ikalia, sukari imepanda hadi kumi na saba, nikamfokea mama wa watu mbele ya wageni kwamba anataka kuniulia mtoto. Asubuhi yake akafunga mzigo wake akaenda Lusu kwa binti yake.

Jumanne iliyopita nilimwacha Levina kwa jirani yetu Advera, nikaenda stesheni kuuza karanga, simu ninayo, nikijua sukari yake nitaiona hukohuko. Namba zikakatika, nikasema ni mtandao wetu wa siku zote. Kumbe mwanangu anatetemeka, jasho linamtoka, Advera anadhani ni malaria. Niliporudi simu ikaonyesha sukari imeshuka hadi mbili nukta tisa. Nilimnywesha maji ya sukari, na alipopata nguvu akaniambia, "Mama, Bibi angekuwepo angejua." Nimwombeje radhi mkwe wangu? Na akirudi, nitamzuiaje na asali yake?

Mama Levina, Kigwa

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na ufute machozi, mtoto yupo. Sasa nikuseme kidogo. Nani alikuambia kidude hicho kinafika stesheni? Kinaongea na simu iliyo karibu nacho, basi. Simu ikae alipo mtoto, wewe nenda na karanga zako.

Halafu ujuzi umeukumbatia peke yako, wakati anayeshinda na mtoto ni bibi yake! Nenda Lusu mwenyewe, usitume ujumbe. Ulimfokea mbele ya watu, basi na radhi iombe mbele ya watu, kwa magoti. Kliniki ijayo nenda naye, na Advera pia. Kama bibi kusoma hajui, mshale unaoteremka kwenye simu hauhitaji shule.

Asali msiitupe. Siku za kulamba asali mpya, waulizeni wauguzi kiasi chake na sindano yake. Lakini sukari ikishuka chini ya nne, na mtoto yuko macho anameza, asali hiyohiyo ndiyo ya kumwokoa: kijiko kikubwa kimoja, kisha mtazame tena baada ya dakika kumi na tano. Akizimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kopo la asali hiyo lazima liwe na mtu wa kulishika. Levina ameshakutajia nani.