Mashine Uliyotutumia Imewekewa Ua

Karakana ya Majokofu,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Hamjambo huko? Kikohozi cha wifi kimekwisha? Na yule mdogo, bado anazikimbia ngazi za umeme? Sisi huku hatujambo, ile hatujambo ya kuitikia mlangoni. Mama anakula, anacheka, anagombana na redio. Lakini joto linamtesa. Godoro limemshinda, anashinda amekaa sakafuni, mgongo ukutani, maana saruji ndiyo kitu pekee chenye ubaridi nyumba nzima. Muuguzi amemwambia anywe maji kila mara, naye amemjibu kwamba yeye si bustani.

Umeuliza habari za ile mashine ya kunyonya gesi uliyotutumia. Kaka, nimetafuta maneno mazuri ya kukujibu, sikuyapata. Mashine yako imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pana chungu chenye ua la plastiki. Imewekwa mbele, penye kioo, wapita njia waione. Mdogo wetu, huyu tunayemwita Meneja tangu aanze kuvaa tai, analifuta vumbi lile ua kila asubuhi. Mashine yenyewe hajaiwasha tangu tumzike Baba.

Baba naye, tuseme kweli, maisha yake yote alikuwa akikata bomba la friji na kuiacha gesi iende zake. Nani angemlaumu? Haionekani, hainuki, haichafui shati. Lakini ulipomwandikia kwamba kilo moja tu ya gesi ile ikitoka inabana joto juu yetu kama moshi wa gari lililozunguka miezi na miezi, alivua miwani, akaniambia nimsomee tena. Mashine ilipofika alijifunza kuitumia akiwa na mvi zake. Mteja akiharakisha, Baba anamvutia kigoda: kaa, kwanza tuinyonye iingie mtungini, ndipo nifungue. Watu walimcheka, na bado walirudi kwake.

Meneja hana kigoda. Kiyoyozi kibovu kikiletwa, anakibeba hadi uani, anakata bomba, fssss, anarudi ndani anapiga mluzi. Nikimsema ananijibu, "Hewa imerudi hewani, dada, we unalia nini?" Na joto likizidi, wateja wakajaa mlangoni kununua viyoyozi, anasugua viganja na kusema joto ni baraka. Mama yake kakaa sakafuni kama ndoo, yeye anasema baraka! Nilitamani kumpiga na spana.

Hayo ningeyavumilia, maana mdogo wako ni wako. Lililonishinda ni la wiki iliyopita.

Kuna hoteli moja, ghorofa juu ya ghorofa, inataka kung'oa viyoyozi vyake vyote vya zamani. Kazi hiyo wanampa fundi mwenye cheti cha kuthibitisha kuwa anaikusanya gesi, haimwagi. Basi Meneja akaita wakubwa. Viti vikakodiwa, utepe ukafungwa, ukuta ukapakwa rangi ya kijani hata haijakauka. Mgeni rasmi ameondoka na kijani kiwikoni. Juu ya mlango kumeandikwa jina la Baba, na chini yake: Walinzi wa Hewa.

Sasa utauliza, gesi ya kuwaonyesha aliitoa wapi, na mashine haijawashwa? Aliinunua. Alikwenda dukani akanunua gesi mpya kabisa, akaijaza kwenye mtungi unaong'aa aliouazima karakana ya jirani, akasema hii ndiyo tuliyoikusanya mwezi huu. Mgeni rasmi akaunyanyua mtungi, akajifanya haujamlemea, watu wakapiga makofi, cheti kikatolewa. Meneja akavishwa kilemba cha ukoka, naye akakaza shingo kisisogee. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika sinia la soda, nimeshayaona makopo matupu ya dukani aliyoyatupa nyuma ya choo.

Ngoja, sijafika. Wageni walipoondoka, mwenye mtungi akaja kuutaka, na aliuazimisha ukiwa mtupu. Nikamwambia Meneja anipe muda wa kunywa chai, niihamishie gesi kwenye mtungi wetu. Akasema lori la viti linasubiri, tusimcheleweshe mtu wa watu. Akaubeba hadi uani, akafungua valvu. Yote, Kaka. Gesi ya dukani, ambayo haijapoza hata glasi ya maji, imenunuliwa ili isifiwe kwamba haikumwagwa, kisha ikamwagwa. Valvu iliota barafu nyeupe katika jua lile. Naye amesimama pembeni, cheti mkononi, anajipepea nacho.

Nimeona uchafu mwingi katika kazi hii, nimetoa panya waliooza ndani ya feni, sijawahi kuona kinyaa kama kile. Na mwenye kukitenda tumenyonya ziwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Basi hoteli imeipenda karakana. Mkataba umekuja, na kwa kuwa Baba alituachia karakana sisi watatu kwa pamoja, hausimami bila saini zetu sote. Yangu nimeikataa. Meneja amekutumia wewe nakala pamoja na picha ya cheti, na atakuandikia maneno matamu, maana kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa ndiyo kazi anayoijua. Ukitia saini, najua mtanibana wawili kwa mmoja hadi nami nisaini, na gesi ya ghorofa zote zile itamwagwa uani kwetu, chini ya jina la Baba.

Mama alipopata habari aliniita. Akasema navunja nyumba kwa ajili ya pumzi. "Hewa ni hewa, mwanangu. Utagombana na ndugu yako kwa kitu hata mkononi hakishikiki?" Jana asubuhi nilimshika mkono nikamleta karakana.

Nilikishusha chungu sakafuni, nikaikokota mashine hadi uani. Ndani yake panya alikuwa amezalia, na kitanda cha wanawe alikitengeneza kwa kitabu cha maelekezo. Nikasafisha, nikafunga mipira ya kupitishia gesi, nikampa Mama mtungi wetu mtupu aunyanyue. Akaunyanyua kwa mkono mmoja, akaniuliza kama namcheza shere. Nikaunganisha kiyoyozi kikubwa cha ukumbi kilicholetwa kufumuliwa, nikawasha. Ilikohoa, ikanguruma, ikavuta. Mama kakaa kwenye kile kigoda cha Baba, kanga begani.

Ilipomaliza nilimpa mtungi tena. Akauinua kidogo kwa mkono mmoja, akaurudisha chini. Akatumia miwili. Akauweka, akanigeukia.

"Na ile ya siku ya wageni ilikuwa nzito hivi?"

"Zaidi, Mama."

"Akaiachia?"

"Akaiachia."

Mama akageuza uso akatema mate ukutani, pale penye kijani kipya. Kisha akasema, "Mwandikie kaka yako asitie mkono wake humo." Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikupunguza wala kuongeza.

Basi Kaka, usisaini. Kama Meneja na hoteli watakubali kazi ifanywe kwa mashine hii, nikiwa nimesimama hapo mimi mwenyewe, nitasaini kabla yako. Vinginevyo hoteli ikatafute walinzi wengine wa hewa, na rangi hii ya kijani nitaikwangua kwa mikono yangu.

Nisalimie sana wifi, na wanangu wakubwa kwa wadogo. Waambie shangazi yao bado ananuka mafuta ya kompresa. Mama anakubariki: uamke salama, ulale salama, na mkono wako uwe mzito mbele ya karatasi hiyo.

Karibu nisahau. Meneja alitukuta jana pale uani, mashine inanguruma, mtungi umejaa, Mama amekaa kwenye kigoda cha Baba. Alisimama mlangoni na tai yake, akatutazama sote. Nikadhani angalau ataona haya. Akauliza ni nani aliyeliweka ua lake sakafuni.

Ndimi dada yako akupendaye, hata akiwa amekunja uso,

Pilipili